Siku Niliposalisha Rozari Ukweni

Parakachaa! Mlio ule wa mbao kwenye sakafu bado ninao masikioni.

Jumapili nilikwenda Izimbya kutambulishwa kwa kina mchumba wangu. Njia nzima kutoka Muleba niliota wananisifu: mkwe gani huyu, ana adabu! Kufika mlangoni, nikawakuta wote, babu hadi mtoto wa chekechea, wameinama kuizunguka meza. Kimya, hata kukohoa hakuna. Nikajua ni rozari. Mimi huyo, magoti chini, ishara ya msalaba, na sauti yangu ya kwaya: “Salamu Maria!”

Babu akaruka. Kumbe walikuwa wanacheza, anayeuangusha mnara ameshindwa! Mnara wa vipande vya mbao aliokuwa anauchomoa kipande kimoja kwa ncha za vidole ukaporomoka wote.

“Waitu! Leo nilikuwa namshinda huyu mtoto!” Akanitazama, mikono bado nimeifumbata, kisha akamgeukia mchumba wangu, aliyekuwa nyuma yangu mlangoni. “Mjukuu wangu, umetuletea mchumba au sista?”

Mama mkwe alicheka mpaka machozi. Wakaupanga mnara upya, wakanyamaza tena. Nikakimbilia jikoni kuandaa chai, na huko, peke yangu, nikaanza kupanga vikombe vya bati kimoja juu ya kingine, pumzi nimeibana.