Baga Mbele ya Sengu

Ng'ombe wa Mbinga hupanda na kushuka milima maisha yake yote, kwa hiyo nyama yake haitaki haraka. Asteria alijua kuibembeleza. Aliipitisha kwenye mashine ya mkono iliyofungwa kwa skrubu ukingoni mwa meza, akaipitisha tena, kisha mara ya tatu huku akiimba wimbo wa kwaya. Akatia kitunguu, chumvi, pilipili manga, yai, na skonzi ya jana aliyoifikicha kwa vidole. Akafinyanga madonge, akayabonyeza yakawa bapa, akayaweka kwenye kikaango cha chuma kilichokuwa kimepata moto hasa.

"Niigeuze?" nilimwuliza, mwiko tayari mkononi.

"Weka mwiko chini, kaka. Ukiigusa mapema inang'ang'ania chuma. Ikiiva itajiachia yenyewe."

Nimekula baga Nairobi, Lusaka na Blantyre, nyingine kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani, lakini sijaona mpishi mwenye subira na kipande cha nyama kama mwanamke huyu.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1995. Serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi wa kahawa, na mji mdogo wa Mbinga ulijaa pikapu, mizani mpya na vijana wa makampuni waliovaa viatu visivyofaa kwa tope. Asteria, ambaye watu walimwita Mama Glorious kwa jina la binti yake, alikuwa amefungua mgahawa katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoiacha marehemu mumewe, Hyasinti, kando ya barabara kuu. Meza nne, mabenchi, kalenda ya misheni, na ubao wa chaki mlangoni: CHAI. SUPU. UGALI. BAGA.

Hiyo ya mwisho alifundishwa na Cuthbert, mzee wa kwao Lituhi, kule ziwani. Cuthbert aliwahi kuwapikia mabosi wa mgodi huko Johannesburg, akarudi na masanduku mawili na matusi ya lugha nne. Baadaye akawa mpishi mkuu katika kambi ya wajenzi wa barabara karibu na Songea, na Asteria, wakati huo msichana, alikuwa muosha vyombo wake. Kambi ilipofungwa, Cuthbert alimwachia mashine ya kusagia nyama na onyo moja: baga haikatwi kwa kisu wala haifunguliwi. Inashikwa kwa mikono miwili na kung'atwa.

Asteria aliliamini onyo hilo kama amri ya kumi na moja. Wateja wake hawakuliamini hata kidogo.

Mkulima aliyeshuka mjini kuuza kahawa angeketi, aagize baga, aitazame kwa heshima, kisha aifungue. Skonzi ya juu na ya chini aliifunga kwenye gazeti awapelekee watoto wakanywee chai. Kabichi alilisukuma pembeni. Halafu, akiwa amebaki na nyama peke yake kwenye sahani, angeinua kichwa na kusema kwa upole: "Mama, sasa naomba ugali wa mboga hii."

"Ugali wake ndio ule uliouweka mfukoni!" Asteria angelalamika.

"Huu ni mkate, mama. Mimi nimekuja kula."

Ausi, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, ambaye babu yake alitoka pwani, alikuwa mmoja wa wachache walioila nzima. Kila siku aliuliza swali lile lile kabla ya kukaa: "Kikaango hakijakutana na nguruwe?" Na kila siku Asteria alimjibu: "Nguruwe ana kikaango chake, kiko jiko la nyuma, hawajasalimiana." Ijumaa za Kwaresima, Wakatoliki wanapoacha nyama, alipika baga ya samaki, mbasa aliyeshushwa na lori kutoka Lituhi, aliyetolewa miiba mmoja mmoja. Hiyo nayo waliifungua.

Jumamosi ile niliyokuwa jikoni kwake, mimi msafiri niliyekuwa nikisubiri lori, hakuwa na hamu ya kuwalalamikia wateja. Alikuwa anapika baga za kesho yake, na kesho yake ndiyo ingeamua kama angeendelea kuwa na mgahawa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nyumba ilikuwa ya Hyasinti, lakini kiwanja kilikuwa cha ukoo. Shemeji yake, Pankras, alikuwa amefanya urafiki na kampuni moja ya kahawa iliyotafuta stoo barabarani, na aliona chumba kile cha mbele kinafaa magunia kuliko mabenchi. Lilikuwa neno la ukoo mzima kuamua, na Wamatengo, wenyeji wa milima hii, huamua mambo ya namna hiyo kwenye sengu. Wanaume wa ukoo hukutana nyumbani kwa mzee wao, kila nyumba huleta chakula, chakula chote huwekwa katikati, watu wanakula pamoja, na tumbo likishatulia ndipo maneno huanza.

"Nitawapelekea baga," Asteria aliniambia. "Waonje wenyewe. Atakayeng'ata baga yangu hataweza kusema nifunge."

"Ngapi?"

"Kumi na mbili. Nimewahesabu wote." Akanigeukia. "Na wewe njoo."

Nilikataa. Nilikuwa na nafasi kwenye lori la kwenda Mbamba Bay alfajiri. Lori halikuondoka, dereva alisema linasubiri springi kutoka Songea. Nikiwa nazurura stendi nilikutana na Hamphrey, mwalimu wa shule ya msingi na mtoto wa ukoo ule ule, aliyetoka kituo chake Kihagara bila kumwarifu mtu. Akanishika mkono tukapanda naye mlima, upande wa Litembo, kati ya mashamba ya ngoro yenye mashimo yaliyopangana kama vyumba vya sega la asali.

Tulipofika, wanaume kumi na wawili walikuwa wamekaa duara kwenye mikeka. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Wendelin, baba mkwe wa Asteria, mtu mfupi aliyevaa koti zito, mwenye meno manne yaliyoishi mbalimbali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaeni, kaeni. Mmekuja na njaa?"

"Tunayo," alijibu Hamphrey.

"Vizuri. Anayekuja ameshiba anakuja kusengenya."

Asteria akaja na tenga lililofunikwa kitambaa cheupe, akapiga magoti, akaanza kugawa. Baga moja kwa Mzee Wendelin. Moja kwa Pankras. Akazunguka duara lote akitabasamu, mpaka alipofika kwetu wawili. Tenga lilikuwa tupu. Tabasamu lake likaganda.

Hakuna aliyeng'ata. Kila mwanaume alikuwa ameshika baga yake viganjani kama mtu aliyepewa kifaranga akishike kidogo. Mmoja akainusa. Mmoja akachungulia ubavuni.

"Shemeji," Pankras alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "hiki chakula mbona kimevaa kofia? Kinaona aibu?"

Wakacheka.

"Inashikwa kwa mikono miwili, shemeji. Kila mtu anang'ata yake."

"Kila mtu yake!" Pankras aligeukia duara. "Mmesikia? Tumeitwa sengu ili kila mtu ajifiche na yake. Na nyama yenyewe imefichwa ndani ya mkate, jirani asiione."

Kicheko kilikatika. Mzee Wendelin aliirudisha baga yake kwenye ungo uliokuwa katikati. Bila kuambiwa, mmoja baada ya mwingine, wote wakafanya vivyo hivyo. Zikakaa pale kumi na mbili, nzima, kama mayai ambayo hakuna kuku aliyekubali kuyaatamia.

Asteria aliuchukua ungo, akarudi nao jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na ukuta wa jiko, na ukuta wa matete hauna siri.

"Wewe umehesabu watu?" ilikuwa sauti ya Vitalia, dada wa marehemu Hyasinti. "Wifi yangu, sengu haihesabiwi! Akija mgeni afanyeje, arambe vidole vya wenzake?"

"Nilitaka kila mmoja apate nzima."

"Nani hapa amewahi kupata kitu kizima? Na baba ang'ate kwa meno yapi?"

Vitalia akaongeza, polepole sasa: "Wanaongea huko. Pankras ameshaanza habari za magunia kabla watu hawajala. Ukichelewa, chumba kimekwenda."

Nilichosikia baadaye kilikuwa sauti ya sufuria kuwekwa motoni, na kitunguu kikikaangwa kwenye mafuta. Kwa tundu la matete nilimwona akichukua baga ya kwanza. Aliitazama kidogo. Kisha akaifungua. Nyama akaivunja ndani ya sufuria, kwenye nyanya na vitunguu, akaikamulia limau. Akafungua ya pili, na ya tatu, akiharakisha, mpaka amri yote ya Cuthbert ikawa imeishia kwenye rojo. Skonzi alizichana vipande, akazikausha juu ya makaa zikawa na ukoko. Vitalia alikuwa ameshasonga ugali kwa unga ulioletwa na nyumba nyingine.

Vilipotoka, vilikuwa bakuli moja kubwa, ungo mmoja na mlima mmoja wa ugali. Mikono kumi na minne ikaingia. Mzee Wendelin alianza na ugali, akajaribu kipande cha skonzi kilicholowa rojo, na baada ya hapo hakurudi kwenye ugali tena. Pankras alikuwa wa mwisho kutoa mkono kwenye bakuli, na alipoutoa aliulamba mpaka kifundoni.

"Sasa sema," Mzee Wendelin alimwambia.

Pankras alisema vizuri, lazima nikiri. Kampuni ni kubwa. Stoo ingekuwa barabarani. Kahawa ya ukoo ingepokelewa kabla ya kahawa ya watu wengine.

"Kwa hiyo tutashuka mjini na kahawa yetu," alisema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Na tukifika tutakula wapi?"

"Hoteli zipo nyingi siku hizi, baba."

"Zipo. Nimeziona. Unapewa kisahani chako, unageukia ukuta." Alijaribu kutoa kitu kati ya meno mawili yaliyokuwa mbali mno kushika kitu. "Au tukae kwenye stoo yako tutafune magunia?"

Duara likapasuka kwa kicheko, na Hamphrey akanipiga begani kana kwamba mimi ndiye niliyeyasema. Mzee alingoja watulie. "Magunia yatapata nyumba. Mji umejaa nyumba. Chumba kibaki kwa Mama Glorious. Ila wa kwetu akishuka na kahawa akute chungu katikati, siyo vile vyenye kofia."

Kutoka upande wa jiko ilikuja sauti ya Asteria: "Ndiyo, baba. Ila waje na kuni."

"Kuni ni haki," alisema mzee, akalala palepale alipokaa.

Nilirudi Mbinga mwaka 2003. Ubao wa chaki ulikuwa umekwisha kazi. Sasa maneno yalikuwa yamepakwa rangi ukutani: BAGA YA MMOJA. BAGA YA SENGU, UGALI NDANI. Meza zilikuwa tisa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la kuni refu kuliko mimi. Meza kubwa ya katikati ilizungukwa na wakulima saba waliozamisha mikono bakuli moja, na Glorious, sasa msichana mrefu, alikuwa akiwaongezea rojo.

Pembeni, kwenye meza ya mwisho, mwanaume mmoja aliketi akiwa ameupa ukumbi mgongo. Viwiko vyake vilikuwa juu, kichwa kimeinama. Nilimzunguka nimwone usoni. Alikuwa Pankras, ameshika baga nzima kwa mikono miwili, shavu moja limevimba.

Alinitambua. Alitafuna, akameza kwa shida, akautazama ule mduara wa katikati, akanitazama mimi. Kisha akaikata baga yake vipande viwili, akavipima kwa macho, akanisogezea kile kidogo.

"Kula upesi, ndugu yangu," alisema. "Shemeji asituone."