Bingwa wa Kula Kete

Nilimdharau tangu alipokaa. Alikuwa mwalimu mkuu wa huku ziwani, bingwa wa drafti kuanzia Liuli hadi Tingi, na aliamini kwamba anayejua kusukuma vizibo vya soda anajua na sataranji. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka Mpepai kwa bodaboda, ubao wangu mgongoni. Walimu wawili, nafasi moja ya kwenda kushindana Songea. Niliitaka nafasi ile mpaka roho ikaniuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Usijali, sitakuchelewesha."

Akachukua nyeupe. Mimi na nyeusi yangu nikacheza utetezi mkali, ule wa kumtolea mwenzio askari mapema ili akila ajifungulie mlango wa nyumbani kwake. Mwenye akili hujiuliza kwanza. Yeye akala. Kwenye drafti kula ni lazima, usipokula unaadhibiwa, na huyu bwana alikuja na sheria yake hiyo kichwani kama mzigo wa kuni. Nikamtolea farasi, akala. Nikamtolea ngome, akala, akaibamiza mezani mpaka watazamaji wakaacha mihogo yao na kumshangilia.

"Kula! Kula huyo!"

Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Nikasogeza malkia, na mfalme wake akawa hana pa kukimbilia.

"Mchezo umekwisha," nikasema.

"Umekwisha kweli," akajibu, na kuanza kuhesabu kete zangu alizokula.

Msimamizi, naye mtu wa drafti, akainama wakahesabu pamoja. Nikawaeleza kwamba kwenye sataranji aliyefungiwa mfalme ndiye aliyeshindwa, hata awe amekula kete ngapi, nikawaonyesha kwa kidole kila njia ilivyozibwa. Wakanitazama kama mtoto anayelia kwa kushindwa.

"Binti, kubali matokeo," msimamizi akasema, akampa bingwa mkono. Watu wakapiga makofi. Kumfunga mjinga ni kazi ndogo. Kumjulisha kwamba amefungwa, hapo ndipo utakapotoka jasho.

Watu walipotawanyika, bingwa akanifuata bila haya. Aliomba nimwazime ubao, ajinoe kabla ya Songea. Sikubishana. Nikampa ubao, nikamtilia na kete kwenye mfuko, zote isipokuwa wafalme wawili.

Akazimwaga mezani, akazikagua moja moja, nyeupe kwa nyeusi.

"Zimetimia," akasema.