Birika Lililopimwa kwa Maji Baridi

Mtaani kwetu baba yangu mdogo anaitwa Bwana Birika, na kwa miaka mingi jina hilo lilimvimbisha kichwa. Alikuwa fundi wa kalibu katika kiwanda cha vyombo, yaani alichonga vile vyuma vinavyokandamiza bati mpaka litoke na umbo la sufuria au bakuli. Zamani hizo mabirika yalikuwa mazito, yenye kishikio cha mti kilicholegea na kuchomoka. Wakubwa wakataka kitu cha kisasa: chepesi, kinachong'aa, kisicho na mti wala skrubu. Baba mdogo akachora, akachonga, akatoa birika la alumini tupu, kishikio kimepinda juu ya kifuniko kwa mstari mmoja. Kusema kweli lilikuwa zuri. Hata leo likiwa mezani jicho linalifuata.

Alilijaribu wiki nzima karakanani. Alijaza, akamimina, akarekebisha mdomo mpaka likaacha kuchuruzika. Wenzake wakampongeza. Wote walikuwa wanaume, na maji yalikuwa ya bomba, baridi.

La kwanza kabisa alimpelekea mama mdogo, mkewe. Kisha likauzwa kila mahali na viwanda vingine vikaliiga. Kila nyumba aliyoingia alilikuta, na kila mwanamke alilileta mezani kwa tambara. Hilo aliliona. Akadhani ni mambo ya usafi.

Akastaafu. Mwaka jana mama mdogo akavunjika mguu, na bwana yule ambaye hakuwahi kujipikia hata chai akaingia jikoni. Mimi nilikuwa sebuleni nakunja nguo. Nikasikia kishindo cha bati sakafuni.

"Mama watoto," akaita, "hili birika limeharibika lini?"

"Halijaharibika," mama mdogo akajibu kutoka kitandani. "Tambara liko kwenye msumari, nyuma ya mlango."

Nilimkuta amesimama katikati ya maji, kiganja chekundu, anautazama msumari ule. Ulikuwa umekula kutu. Nikamwambia aloweke mkono, wala hakunisikia. Akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda.

"Liliwahi kukuunguza?"

"Siku ile ile uliyolileta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejiona ulivyofurahi." Mama mdogo akacheka kidogo. "Halafu nikadhani unajua. Kila mtu anajua."

Mimi ningemwambia, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Lakini mimi si mama mdogo.

Tangu siku hiyo akawa anapita nyumba hadi nyumba akiomba chai. Watu wakamtania kwamba uzee umemfanya mdowezi. Kumbe alikuwa akikagua vishikio. Huku kimezungushiwa mpira wa baiskeli, kule kamba, kwingine soksi ya mtoto. Muuza chai wa kona akamwonyesha kifundo cha mkono wake, mabaka matupu, huku anacheka.

"Haya mabirika yana wenyewe, mzee. Usipoyajua yanakukomesha."

Hakujua anazungumza na nani. Baba mdogo akaacha kikombe nusu, akarudi nyumbani.

Akaenda kiwandani. Meneja, kijana mwenye adabu zake, akamvutia kiti.

"Mzee, kalibu zako tuliziyeyusha siku nyingi. Siku hizi kila mtu anayatengeneza. Na watu wameshazoea."

"Ndiyo maana nimekuja," baba mdogo akasema. Meneja akamwagizia soda.

Nilijaribu kumpoza. Nikamwambia, "Baba, ni birika tu. Hukuua mtu."

"Nilikuwa na jiko nyumbani kwangu," akasema. "Nililipita kila asubuhi nikienda kulijaribu birika kwa maji ya bomba. Nina hatia, mwanangu, usinipunguzie."

Alisema kweli.

Akaling'oa kishikio birika la mama mdogo. Akachonga kipya cha mti mgumu, akakifunga kwa ribiti za chuma zisizolegea. Safari hii alichemsha maji, akalinyanyua kwa kiganja kile kile kilichoungua, akasubiri. Akachemsha tena, na tena, mpaka nikamwambia gesi itaisha.

Siku mama mdogo alipoacha mkongojo, alikwenda mwenyewe kupika chai. Baba mdogo akamfuata, akasimama jikoni kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Maji yakachemka. Mama mdogo akapeleka mkono nyuma ya mlango bila kutazama, akachukua tambara.

"Haliunguzi tena," baba mdogo akasema. "Nimelipima kwa moto."

"Naona, baba watoto. Umelitengeneza vizuri."

Akalikunja tambara mara mbili kama siku zote, akalishika nalo birika, akammiminia chai.