Transista Zisizo na Namba

Hasira yangu kwa mjomba haijaisha, na sitaki mtu anishauri iishe.

Amplifaya ile aliiunda kwake Kimbo, Ruiru, mama alipoanza kupoteza masikio. Alitumia transista kuukuu za germeniamu, zenye kofia ya chuma, alizong'oa kwenye mitambo iliyotupwa na kiwanda kimoja cha Thika. Hata mwanzoni mwa miaka ya tisini hukuzipata dukani. Redio ya mama ikaunganishwa nayo, na akisogeza kiti karibu na spika alishika kila neno la habari. Ubishi wake wa siasa ukarudi. Aligombana na mtangazaji asubuhi nzima, nasi tukafurahi.

Baada ya miaka kama minne amplifaya ikanyamaza. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na kibanda changu cha ufundi Makongeni, na kazi nilifundishwa na mjomba huyo huyo. Nikaifungua. Transista mbili zilikuwa zimekufa, na zote sita hazikuwa na namba. Zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa zikang'aa. Bila namba, fundi hajui aweke nini mahali pake. Nikabahatisha za kisasa, zikatoa moshi. Nikanunua amplifaya mpya. Mama akasema inanguruma tu, maneno hayasikiki.

Nikaenda Ruiru.

"Anko, nani alipiga hizi transista msasa?"

"Ni mimi," akasema, bila haya. "Mafundi wa huku ni wezi. Wakiona namba, kesho wanatengeneza kama yako."

"Hii ni ya dada yako. Nani angeifungua?"

"Si wewe? Si ulienda ukafungua kibanda chako Makongeni?"

"Sawa. Nipe namba basi."

"Sikuandika mahali. Zilikuwa kwa kichwa." Akajikuna kisogo. "Sasa zimetoka."

Ningempiga. Nasema kweli, kama mkewe hangeingia na chai ningempiga. Mtu mzima, anamfichia mtoto wa dadake vitu vinavyompa dadake masikio! Na kilichonichoma zaidi ni kwamba hata mimi nilikuwa nikisugua namba kwenye amplifaya za wateja wangu. Ndivyo alivyonifundisha, nami nikaona ni ujanja.

Mama akaacha kuwasha redio. Ukitaka kumwambia kitu ilibidi uinamie sikio lake la kulia na kupaza sauti, na sauti yangu peke yake ndiyo aliyoishika vizuri. Ubishi ukamwisha. Alikaa akichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa, na mimi nikaenda kazini nikiwafokea wateja wasio na kosa.

Jumapili moja mjomba akaja. Alikaa mbele ya mama, akamshika mikono, akasema kosa ni lake, amsamehe. Alisema mara tatu, machozi yakimtoka. Mama akamtazama midomo, kisha akanigeukia.

"Anasema nini?"

Nikainama sikioni mwake.

"Anasema anaenda."