Mgombea Aliyekunywa Chai Yetu

Jirani wetu wa ghorofa ya chini, hapa Eagan, Marekani, ni mzee Mhindi. Alifundisha isimu chuo kikuu na kuandika kamusi ya lugha ya kwao milimani. Alipostaafu, akaamua kugombea udiwani.

Jumamosi moja akabisha kuomba kura. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo nilifungua mimi, mtu ambaye hata pizza ikiletwa hujificha bafuni. Nyanya, aliyetoka Meru kuja kukaa nasi, alimwangalia juu hadi chini.

"Mwanasiasa gani huyu? Hana spika, hana vijana wa kumshangilia. Mwambie aketi."

Nilitafsiri hiyo ya kuketi tu.

Kwetu mgeni haondoki bila chai, na Nyanya hapiki chai ya haraka. Chai ikiwa bado jikoni, mzee akauliza ndizi inaitwaje Kimeru. Basi akawa amejimaliza.

"Ndizi gani? Ya kupika au ya kuiva? Au ile ya mbuzi?"

Mzee akaanza kuandika majina nyuma ya vikaratasi vyake vya kampeni, kimoja baada ya kingine, mpaka vikaisha. Milango mingine yote ya jengo ilikuwa bado haijabishwa.

Mama alirudi jioni na yunifomu yake, akashtuka. "Profesa, mama yangu hapigi kura. Si raia."

"Aliniambia tukiwa kwenye kikombe cha kwanza."

Mama akacheka. "Basi yangu unayo."

Siku ya uchaguzi mfanyakazi mwenzake Mama hakuja kazini, Mama akaombwa abaki zamu ya pili. Alipotoka, vituo vilikuwa vimefungwa. Mzee alishindwa. Si kwa kura moja, kwa hiyo siwezi kusema ni Mama aliyemwangusha.

Jumamosi iliyofuata akabisha tena, mikono mitupu. Alisema sasa ana wakati wa kuuliza majina ya viazi vikuu.

"Pole, mwalimu," Nyanya akamwambia. "Kwetu ungeanza kwa kugawa sukari."

Safari hii nilitafsiri yote. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Kisha Nyanya akanituma nimwite Mama aje asalimie mgeni. Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa kabisa.

"Mwambie nimelala," akanong'ona.

Nikarudi sebuleni nikasema amelala. Mzee akaweka kikombe chini taratibu, kisiguse sahani kwa kelele, na maswali yaliyobaki yote akayauliza kwa kunong'ona.