Uzi wa Bandi na Koti la Msimamizi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa cherehani. Nilipewa shazia, ile sindano nene ya magunia, na donge la uzi wa katani. Nilikuwa nimetoka shule ya bweni Tabora na cheti changu, na karakana ile ya Sumbawanga mjini ilikuwa na mafundi wanaume tu, msichana mimi peke yangu.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Kiingereza unajua?"

"Najua."

"Katani haikijui. Shona."

Katani hukata vidole. Lakini gunia la ulezi likipakiwa kwenye lori la Mbeya, uzi wa pamba hauwezi ile mitikisiko. Vidole vyangu vilipokuwa sugu, Fundi Mkuu akanihamishia kwenye vifungo. Uzi wa vifungo hupakwa nta ya nyuki kwanza, usijisokote. Kisha nikakalishwa kwenye cherehani, nikajifunza kusoma nambari: nambari ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Arobaini kwa kaki za askari, sitini kwa blauzi. Hariri ilifungiwa sandukuni, ya matundu ya vifungo kwenye makoti ya sufu, maana baridi ya Ufipa haina mzaha na mwenye uwezo huvaa sufu.

Wa mwisho kufundishwa ulikuwa uzi wa bandi. Ni pamba hafifu, nyeupe, ukiuvuta unakatika. Hushonwa kwa mishono mirefu, kushikilia vipande mpaka cherehani ipite juu yake. Ikishapita, bandi huchomolewa ikatupwa. Bibi yangu kule Milanzi, ambaye enzi zake walisokota pamba ya bonde la Rukwa kwa mkono, alicheka sana. "Uzi wa kutupa? Hao mafundi wako wamelogwa."

Fundi Mkuu yeye hakucheka. "Ukimkabidhi mteja nguo ya bandi," aliniambia, "hama mji."

Macho yake yalipofifia alikwenda kupumzika. Akaletwa Msimamizi, mpwa wa mwenye karakana, mtu asiyewahi kutunga uzi kwenye sindano. Mimi nikajifungua, nikarudi na mtoto mgongoni. Yeye analala, mimi nashona. Msimamizi akanipa sufu yake nyeusi nimshonee koti la kuvaa kwenye baraza la Bwana DC. Nilimaliza mgongo na mabega. Mikono nilikuwa nimeipiga bandi tu, mtoto akaamka akilia.

"Mama, hapa karakana au kliniki?"

"Ana njaa. Akinyonya atanyamaza."

"Kamnyonyeshee kwako. Na usirudi."

"Mikono ya koti lako ni bandi tupu."

"Nimesema nenda!"

Nikaenda.

Siku ya baraza nilisimama nyuma na wanawake wa mtaa wa Izia. Msimamizi alikuja amevaa koti lile lile. Zile nyuzi nyeupe alikuwa amezipaka wino zisionekane. Bwana DC alipopita, Msimamizi akainua mkono kuvua kofia. Bandi ikakatika, mkono wa koti ukachomoka begani ukashuka mpaka kwenye kiwiko.

"Heshima gani hiyo," akauliza mama mmoja kando yangu, "anavua na koti?"

Kesho yake nikasikia hodi. Msimamizi, koti kwapani.

"Dada, nisaidie. Mafundi waliobaki hawajui sufu."

"Leo dada? Juzi nilikuwa kliniki."

"Yaishe. Rudi kazini, mtoto mwache kwa bibi yake."

"Bibi yake ananyonyesha?"

Nikachukua koti, nikatunga uzi mweupe, nikairudishia mikono kwa mishono mirefu ileile. Nikamkabidhi.

"Hii si bandi tena?"

"Ni bandi. Cherehani ya kumalizia iko karakanani kwako. Nikija, nakuja na mtoto. La sivyo, vaa hivyohivyo."

Anavaa hivyohivyo, nami sijarudi karakanani. Jumapili huwa namwona akitembea taratibu, mikono ameibana ubavuni kama mgonjwa. Ndiyo maana mabinti wa shule yetu ya Tabora mnaosoma haya mnasoma kumbukumbu za mstaafu ambaye mwanawe hajaota meno.