Wivu wa Wakuu wa Delhi

Ipo siku ambayo sijaisahau, mwanangu, na napenda uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa wengine.

Miaka ya elfu mbili, nikiwa msichana, nilisoma historia kila Jumamosi hapa ugenini, mtaa wa Handsworth. Mwalimu wetu, Bi Surinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alitufundisha habari za binti aliyerithi kiti cha baba yake akawa sultani wa Delhi, karne nyingi zilizopita. Sultani huyo alimpandisha cheo Mhabeshi mmoja, msimamizi wa farasi, na wakuu wa Kituruki wakaingiwa na wivu. Wakawachafulia jina, wakamuua Mhabeshi, wakamwangusha sultani. Nilisema mbele ya darasa kwamba wale wakuu walikuwa watu wa hovyo.

Wiki iliyofuata Bi Surinder alimchagua Neema asome insha yake juu ya sultani huyo mbele ya wageni, maktabani. Neema alikuwa rafiki yangu, sote watu wa mji wa Uvira, ila yeye alikuwa amefika hapa juzi tu. Mimi ndiye niliyemfundisha hata kupanda basi. Kila aliposifiwa niliona kama nimenyang'anywa changu. Mwishowe nikawanong'oneza wenzetu kwamba insha ile ameandikiwa na kaka yake.

Maneno yalimfikia. Akaacha darasa bila kuaga, na nafasi ya kusoma mbele ya wageni nikapewa mimi.

Basi nikasimama mbele ya wageni na insha yangu. Nilipofika pale wakuu wanapoanza kunong'ona, niliona kwamba nasoma habari zangu mwenyewe. Nikakaa chini sijamaliza.

Bi Surinder alinifuata nje. "Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Nilimsingizia Neema."

"Wale wakuu walipata nini, mama? Waliweka sultani, wakamwondoa, wakaweka mwingine. Hawakutulia. Nenda kwake leo."

Nilienda kwao, mtaa wa Perry Barr, nikamweleza Neema yote pale mlangoni.

"Nimekusamehe, dada," alisema. "Lakini darasani sirudi. Nikishika kalamu nasikia wakinicheka."

Hakurudi kweli, na sijamwona akiandika tena.

Mwanangu, mwenzako akisifiwa na moyo ukakuuma, usijidanganye kwamba huna wivu. Ukiri mapema, ungali moyoni tu. Mpongeze hata kama midomo ni mizito, na neno la kumchafua likikujia, limeze. Mimi nilisamehewa, lakini nilichomwondolea sikuweza kumrudishia. Mungu akupe moyo wa kufurahia riziki ya mwenzako, na akuepushe na nafasi kama ile niliyoipata mimi.